Changu Mwenye Boneti

Shangazi yangu anakaanga samaki Chumbageni, Tanga, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza biashara yake inaitwaje. Lakini jirani yake muuza chipsi akatundika bango lenye picha ya kuku anayecheka, na amani ya mtaa ikaishia hapo.

"Mwanangu, wewe si una kompyuta?" akaniambia kwenye simu, shikamoo yangu ikiwa bado njiani. Katika ukoo wetu mwenye kompyuta ndiye fundi wa kila kinachotumia umeme, jokofu likiwemo.

Naye alitaka bango lake, lenye samaki. Picha iliyopigwa kwa simu haifai bango. Imeundwa kwa vipande vidogo vya rangi, pikseli, na ukiivuta ifike mita tatu samaki anageuka sakafu ya vigae. Bango linataka mchoro wa vekta. Humo kompyuta haitunzi vipande vya rangi, inatunza hesabu ya mstari: unaanzia wapi, unapinda vipi, unaishia wapi. Hesabu haichakai ukiikuza, kwa hiyo mchoro uleule unatosha kwenye muhuri na kwenye ubavu wa basi. Nikapakua Inkscape, programu ya michoro hiyo, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu 2003, nikaketi kumchora samaki aitwaye changu.

Kalamu ya programu hizi haichori. Unabofya, inaweka nukta. Unabofya pengine, inaweka nyingine na kuziunga kwa mstari ulionyooka. Ukibofya huku unaburuta, nukta inaota vishikio viwili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana ukivuta kimoja, mwenzake wa upande wa pili anasogea bila kuulizwa. Nilinyoosha mgongo, tumbo likashuka. Nikapandisha tumbo, mdomo ukanuna.

Mistari hii ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya Renault huko Ufaransa, aliyeieneza miaka ya 1960 kwa kazi ya kusanifu bodi za magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameshaipata hesabu yenyewe mwaka 1959, ila kampuni yake ikaifanya siri, na sifa zikamwendea mtu wa Renault. (Waliowahi kuajiriwa hawatashangaa.) Kwa hiyo zana niliyoshika ilizaliwa kwenye magari. Shangazi hakuwa na habari za Ufaransa. Nilipomtumia jaribio la kwanza akapiga simu papo hapo.

"Mwanangu, mbona samaki ana boneti?"

Anayeanza huweka nukta nyingi, akiamini wingi ni usalama. Changu wangu alikuwa na nukta kuliko miiba. Dawa ni kuzifuta bila huruma, kwa sababu mgongo mzima wa samaki unahitaji mbili tu, moja kila mwisho, vishikio vikiwa virefu. Nilizidi kufuta na samaki akazidi kuonekana. Hakuna somo la programu hizi lililo gumu kuamini kuliko hilo, na hakuna lenye faida zaidi.

Jicho nalo likapotea. Nilianza nalo kwa kuwa ni duara na duara ni rahisi, kisha nikachora mwili, na umbo linalochorwa mwisho ndilo linalokaa juu. Jicho lilikuwa tumboni, linatazama giza. Kitufe cha Home kikalitoa. Halafu nikampunguza samaki akae kwenye kona ya bango. Mwili ukapungua, unene wa mistari ukabaki vilevile, akawa mweusi tii: ameungua kabla hajaingia kwenye mafuta. Juu ya dirisha kuna kitufe kidogo kinachoamua kama mistari ipungue pamoja na umbo. Kitafute mapema.

Kwa mchapaji likaja jingine. Kompyuta yake haikuwa na fonti yangu, ikaweka iliyokuwa nayo, na jina la kibanda likatoka kwa herufi za barua ya wito wa mahakama. Kinga yake ni kugeuza maandishi yawe maumbo kabla ya kupeleka faili, ila ukishayageuza huwezi tena kuongeza neno kwa kuandika. Nikageuza, nikahifadhi, nikapeleka. Simu ikalia.

"Mwanangu, ongeza na pweza."

Pweza ana mikono minane, yote imepinda, kila mmoja kivyake. Wewe msomaji ambaye shangazi yako anauza machungwa, mpigie simu leo umshukuru: chungwa ni kubofya, kuburuta na kuachia.