Mpangaji Mwenye Mdomo Mwekundu

Kusini ya Ziwa Victoria, kasuku mdogo wa Fischer akitua kwenye mtama hupigiwa madebe na kurushiwa mawe ya kombeo. Akifugwa Ulaya, ndege yuleyule wa sentimita 14 huitwa mwanangu. Hununuliwa bembea, hupelekwa kwa daktari, na usiku hufunikwa kitambaa asije akashtuka.

Mapenzi yake yana gharama. Atakaa begani akuchambue nywele kwa upole wa somo, kisha ang'oe kifungo cha shati. Akimaliza vifungo, huhamia vibonye vya kompyuta. Jike ndiye fundi hasa: porini huchana magome ya miti ya kutandika kiota, sebuleni magome hayapo, basi hati ya nyumba itafaa. Na kama ulimnunua ili akuzungumzie, pole sana. Huyu ni wa makelele tu, tena ya alfajiri, na miaka 10 anaifikisha bila wasiwasi.

Eti kampenda mwenye nyumba! Porini anaishi kwa makundi. Ukimfungia peke yake, atampenda nani mwingine? Hata mfungwa humzoea askari wa zamu.

Miaka ya 1980 Tanzania iliwauza nje kasuku hawa maelfu kwa maelfu, mpaka biashara hiyo ikasimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuna waliofika Naivasha, Kenya, wakatoroka matundu, wakaoana na binamu zao wenye ukosi wa njano, na sasa wamejaa kwenye migunga bila kudaiwa kibali cha ukaazi wala kodi.