Wi-Fi Isiyo na Mkataba: Kutoka Saba Hadi Moja, Kutoka Isebania Hadi Mbita

Mwalimu amepangiwa Rongo kwa muhula mmoja tu. Binti ametoka Doha kuja matanga Ndhiwa, na bosi wake bado anataka kumwona kwenye mkutano wa video kila Jumatatu. Wote wawili wanataka intaneti ya nyumbani bila kufungwa mwaka mzima, na wana haki ya kuipata bila kufilisika. Basi tuhesabu njia zilizopo tukishuka. Ile ya kwanza nitaitetea hata kwenye baraza la chifu.

7. Wi-Fi ya bure ya sokoni

Serikali iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma nchini. Kama cha soko lenu kinafanya kazi, kitumie bila haya: tuma barua ya kazi, jaza fomu za KRA, shusha notisi za chuo. Ila usifanyie mahojiano ya kazi hapo. Mama wa omena atayajibu maswali kabla yako, na huenda akaajiriwa yeye.

6. Hotspot ya simu

Kwa wiki moja, hakuna cha kuishinda. Huna kifaa cha kununua, na tangu Oktoba 2019 Safaricom inauza bando za data zisizo na tarehe ya kuisha, kwa hiyo salio lako halizimiki usiku wa manane. Shida ni kwa mwenye kazi nzito. Saa moja ya mkutano wa video hula karibu GB 1. Fanya miwili kwa siku, na bando zitamaliza mshahara kabla ya tarehe 10, huku simu ikipata joto la kuchomea mahindi.

5. Mnara wa jirani

Hii si bidhaa, ni onyo kwa watu wa Isebania, Kehancha na Muhuru Bay. Simu yako haina pasipoti lakini huvuka mpaka ikitaka, hasa mnara wa ng'ambo ukiwa karibu kuliko wa kwetu. Zima roaming, kisha chagua mtandao kwa mkono. Undugu wetu na Sirari ng'ambo ya mpaka ni wa damu. Bili ya data haina undugu.

4. Waya wa faiba

Ukiwa mjini Migori au Homa Bay, kwenye jengo ambalo waya umeshafika, uliza kabla ya kitu kingine chochote. Kifurushi cha chini cha Safaricom kilipandishwa kasi 2024 hadi Mbps 15 kwa shilingi 2,999, na unalipa mwezi kwa mwezi: usipolipa, inakatika, basi. Hakuna wakili wa kukufuata.

Lakini waya haufuati mpangaji. Ukihamia nyumba ya pili ambako haujafika, umeanza upya. Tena kuna siku ambayo hata aliyelipa hapati: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikatazama duara likizunguka. Siku kama hiyo mwonee huruma fundi wa Awendo. Hana mashua.

3. Wi-Fi ya mtaani

Kijana amenunua intaneti kwa jumla, ameweka antena juu ya paa, na anawauzia majirani kwa saa, siku, wiki au mwezi. Unalipa kwa M-Pesa, unaingia. Ninawapenda vijana hawa kwa dhati. Wamefika mitaa ambayo kampuni kubwa zilikuwa bado zinaitazama kwenye ramani, na hawakuulizi payslip.

Mwulize mambo matatu. Ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, au anauza chini ya mwenye leseni? Stima ikipotea, antena yake ina betri? Na je, atakuruhusu ujaribu saa mbili usiku kabla ya kulipa mwezi? Saa nne asubuhi kila Wi-Fi ni hodari. Saa mbili usiku ploti nzima inatazama mpira, na hapo ndipo utajua kama umenunua intaneti au umenunua matumaini.

2. Dishi la Starlink

Angani kumewahi kujaribiwa. Julai 2020 baluni za kampuni ya Loon, pamoja na Telkom, zilianza kutoa 4G kutoka kilomita 20 hivi juu, na Kisumu na Kisii zilikuwa kwenye orodha. Mwaka uliofuata zikateremshwa. Starlink ilikuja Kenya Julai 2023, na setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, kwa hiyo milima ya Gwassi haizibi kitu. Kwa mtu wa Mfangano au Rusinga anayeona anga wazi lakini haoni mnara, hii ndiyo namba moja, na sitabishana naye.

Kwa muda mfupi, siri ni kukodi. Mwaka 2024 Starlink ilitangaza dishi la kukodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, ada ya kuanzia 2,700, na kifurushi cha GB 50 kwa 1,300. Miezi mitatu inakuja 12,450. GB 50 ni saa 50 hivi za mikutano. Watoto wakigundua katuni, ni wikendi mbili. Bei hubadilika, kwa hiyo angalia ya leo. Na Novemba mwaka huohuo Nairobi na kaunti jirani ziliambiwa nafasi zimejaa, huku sisi wa ziwani tukiendelea kuagiza. Omera, zamu yetu nayo hufika!

1. Rauta yako mwenyewe, isiyofungwa

Nunua rauta ya 4G inayokubali laini ya mtandao wowote. Wanaouza za bei ya kutupa mara nyingi wamezifunga kwa laini moja, na hapo mkataba umeingia kwa mlango wa nyuma. Muulize muuzaji bila aibu: "Inakubali laini zote?" Hakikisha inashika bendi ya 20, yaani MHz 800, kwa sababu masafa ya chini husafiri mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri, na huko kijijini mnara hauko nyuma ya choo.

Kabla ya kununua bando, azima laini ya kila mtandao kwa majirani, uzunguke nazo nyumbani. Dirisha la upande wa mnara laweza kukupa kasi ambayo jikoni hupati. Iweke rauta hapo, juu, si nyuma ya televisheni. Ongeza betri ndogo ya rauta, maana tokeni zikiisha katikati ya mkutano bosi ataona giza tu. Mtandao mmoja ukizembea mwezi huu, mwezi ujao unaweka laini ya mwingine; wao ndio watakaokubembeleza.

Siku ya kuondoka, unaitia mkobani au unamuuzia mpangaji anayeingia. Toa laini kwanza: imesajiliwa kwa kitambulisho chako.