Sifa za Skrini Iliyokosea Vipimo

Katika hitilafu zote zinazompata mtu wa kompyuta, hakuna yenye adabu kama rezolusheni isiyo sahihi. Diski ikifa, inaondoka na picha za harusi. Nywila ikisahaulika, umebaki nje. Rezolusheni ikikosea, picha unaipata. Herufi zimenenepa, duara limelazwa ubavu, aikoni zinatosha kusomwa na aliye ng'ambo ya barabara. Lakini ni picha, na kazi inaendelea, na malalamiko nayo yanaendelea. Hitilafu nyingine ipi hukupa vyote viwili kwa pamoja?

Nimeona niitetee kwa sababu inatukanwa kila siku na watu wasioijua hata ukoo wake.

Ukoo wenyewe si wa jana. Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta za PS/2 zikiwa na VGA, iliyoweza kuchora pikseli 640 kwa 480 kwa rangi 16. Zama hizo kompyuta ilijua machache mno kuhusu skrini iliyo mbele yake. Mwenye mashine ndiye aliyepaswa kujua. Hata miaka ya 1990, waliotumia Linux waliandika vipimo vya skrini kwa mkono, namba baada ya namba, huku maelekezo yakiwaonya kwamba wakikosea wanaweza kuiharibu skrini yenyewe. Mwaka 1994 jumuiya ya watengenezaji iitwayo VESA ikaleta EDID: baiti 128 tu zinazokaa ndani ya skrini, zikitaja mtengenezaji kwa herufi tatu, mwaka wa kutengenezwa, upana na kimo kwa sentimita, na rezolusheni ambazo skrini inaziweza.

Tangu hapo kompyuta ikichomekwa kwenye skrini hupiga hodi. Ikijibiwa, mgeni anapita hadi sebuleni na kuketi alipoonyeshwa. Isipojibiwa, haivunji mlango. Inakaa barazani na kungoja, na baraza hilo mara nyingi ni 1024 kwa 768. Wewe mwenye kioo cha inchi 24 unaona picha iliyofura, unaghadhibika. Mimi naona malezi mema. Ingejipenyeza kwa vipimo visivyowezekana, skrini ingekuandikia kwamba ishara imepita uwezo wake, kisha giza.

Na ule ukungu unaoulalamikia ni hesabu tupu. Pikseli 1024 zikitandazwa juu ya kioo chenye 1920, kila moja inadai nafasi ya pikseli 1.875. Kioo hakina robo wala nusu za pikseli, kwa hiyo jirani anachanganywa rangi na jirani yake ili kila mmoja apate chochote. Huo ni ujamaa, na kama ilivyo desturi, anayelalamika ni yule aliyezoea kuwa na mipaka.

Nani basi hakujibu hodi? Hapa sifa ziufikie waya, mshirika mkuu wa hitilafu yetu. Plagi ya VGA ina pini 15, na mazungumzo ya EDID hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Rangi haziwahitaji hao wawili. Mtengenezaji anayebana matumizi huwaacha nje, waya ukawa mwembamba na wa bei nzuri, unaopitisha nyekundu, kijani na bluu bila kupitisha umbea. Picha inafika salama, habari za skrini hazifiki. Ongeza adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, au kile kisanduku cha kugawa picha moja kwenye skrini kadhaa, ambacho nacho hupenda kujibu hodi kwa niaba ya wengine, na umepata familia kamili.

Hata skrini inayojibu haiaminiki moja kwa moja, jambo ambalo linazidi kunifurahisha. Ziko runinga kubwa za ukutani ambazo EDID yake inasema upana ni sentimita 16 na kimo sentimita 9. Aliyeijaza ameweka uwiano wa umbo mahali pa vipimo. Kompyuta ikisadiki, itadhani imeunganishwa na kitu cha kutia mfukoni, na itakuza kila herufi kwa huruma. Ndani ya Linux imetunzwa orodha ya skrini zenye maelezo mabovu, kila moja na dawa yake. Wala si uongo wa watu wazembe tu. Katika orodha fupi ya EDID upana huandikwa kwa mafungu ya pikseli nane nane, na 1366 haigawanyiki kwa nane. Runinga yenye pikseli 1366 ikajikuta inatangazwa kuwa ya 1360. Sita hizo zipo, zinawaka, ila hazina pa kuandikwa.

Lakini sifa yake iliyo kuu ni jinsi inavyowaleta watu pamoja. Nenda kwenye semina yoyote yenye projekta. Mtoa mada amechomeka, slaidi imekatwa kichwa, na ukumbi uliokuwa umesinzia unaamka. Mkurugenzi anasimama. Katibu muhtasi naye ana wazo. Dereva aliyeingia kuleta maji anasema kwa mbali, "Chomoa uchomeke tena." Mwingine anapendekeza zima-washa, dawa ya mababu, ambayo huponya mara nyingi kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri, kwa kuwa hodi inapigwa upya.

Hatimaye anaitwa kijana wa TEHAMA. "Shikamoo mkurugenzi, samahani, niruhusu nitazame." "Marahaba mwanangu, tazama, lakini tumeshajaribu kila kitu." Hawajajaribu kitu, wamebonyeza kila kitu. Kijana mwerevu hagusi kipanya kwanza. Anaushika waya, anaufuata hadi mwisho wake, anaubadilisha. Kisha anauliza kama skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, maana hapo kompyuta hutafuta kipimo ambacho zote zinakiweza, na laptopi ya 1366 kwa 768 humshusha mkubwa hadi kwenye hali yake. Anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, anaifanya ya pili kuwa nyongeza ya ya kwanza, na ukuta unarudi kuwa 1920 kwa 1080. Kama bado, anatazama iwapo Windows ilisakinishwa upya bila kiendeshi halisi cha kadi ya picha. Bila hicho, orodha ya rezolusheni huwa fupi kama menyu ya hoteli saa kumi jioni.

Wa Linux wana starehe yao, na siwezi kuwanyima. Wao huandika cvt 1920 1080 60 na kupewa mstari wa namba unaoanza na 173.00, yaani megahezi za pikseli, kisha huipa programu ya xrandr mstari huo na kuiambia kompyuta kwa amri kile ambacho skrini imeshindwa kusema. Nimewaona wakifanya hivyo nyuso zikiwa na nuru. Rezolusheni sahihi haijawahi kumpa mtu furaha hiyo. Ikiwa sahihi hakuna anayeiona.

Hata anayenunua skrini ya 4K hakosi fungu lake. Akiichomeka kwenye laptopi ya zamani yenye HDMI 1.4, anapata pikseli zake 3840 kwa 2160, ila picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde, na kishale cha kipanya kinamfuata mkono kwa staha.

Nimeiacha ya mwisho ile aina ninayoiheshimu zaidi: runinga inayokata kingo. Ni mazoea ya enzi za runinga za kichogo, ambazo kingo zake hazikunyooka, hivyo picha ilikuzwa kidogo ipite fremu na kuficha aibu. Vioo vikawa bapa, kingo zikanyooka, mazoea yakabaki. Tiba yake mara nyingi haiko kwenye kompyuta. Iko ndani ya menyu ya runinga, kwa jina ambalo kila kampuni imelibuni kivyake, na hufikiwa kwa rimoti, na rimoti haijulikani ilipo.

Fikiria sasa kikao cha bajeti. Jedwali liko ukutani, safu ya mwisho ya kulia imemezwa na fremu, na mhasibu anaeleza kwa utulivu wa ajabu kwamba takwimu zote muhimu zinaonekana. Wajumbe wanatikisa kichwa. Ndipo kijana wa TEHAMA, ambaye hakuna aliyemtuma, anaikuta rimoti nyuma ya pazia na kurekebisha menyu. Picha inasogea ndani kidogo tu, na safu inajitokeza yote: masurufu yasiyorejeshwa, kwa majina kamili, la kwanza likiwa la mwenyekiti. Kikao kinaahirishwa kwa sababu za kiufundi.