Sifa za muhuri wa IMEPOKELEWA

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika halmashauri zetu mkurugenzi husifiwa Mwenge unapopita, mhandisi husifiwa siku ya kukata utepe, na diwani hujisifu mwenyewe kila baada ya miaka mitano. Muhuri wa IMEPOKELEWA hausifiwi na yeyote, ilhali hakuna mtumishi wa umma anayewafikia wananchi wengi kwa siku kama yeye. Leo naomba nafasi nimsemee.

Anakaa masjala, juu ya meza iliyoelemewa na mafaili, pembeni ya pedi ya wino wa zambarau iliyokauka tangu bajeti iliyopita. Mpini wake unang'aa kwa jasho la viganja. Tarehe zake huzungushwa kwa kidole, na gurudumu la miezi lina ukaidi wake: ukilisukuma lifike Machi linarukia Mei. Mtunza kumbukumbu anaupulizia pumzi mara mbili, hoo, hoo, kama mtu anayesafisha miwani, kisha anaukandamiza kwa uzito wote wa bega. IME imekolea, POKELEWA itabidi uisome kwa imani. Lakini mtazame mlalamikaji! Aliingia amekunja uso, anatoka amekunja karatasi, ameitia mfuko wa shati, roho kwatu. Mtaro wake bado umeziba, ila yeye amepona nusu. Dawa gani nyingine inatolewa na halmashauri kwa haraka hivyo, tena haijaisha stoo?

Muhuri haubagui. Mwenye kiwanda anayelalamikia tozo na mama lishe aliyebomolewa kibanda wanagongewa kwa wino uleule. Hauulizi nani kakutuma, hauombi ya soda, hauendi semina Morogoro, haudai posho ya kikao. Lipo sanduku la maoni pale mapokezi, lile la mbao lenye kufuli, ambalo hujidai kuwa mshindani wake. Sanduku humeza bila kutoa risiti, na ufunguo wake siku zote anao mtu aliye likizo. Tusilinganishe visivyolingana.

Ukitaka kuijua bidii ya muhuri, ifuate barua moja. Mtaro umeziba tangu masika na maji machafu yanaingia uani kwa watu. Barua inagongwa kwa mwenyekiti wa mtaa, inagongwa kwa mtendaji wa kata, inagongwa halmashauri na kufunguliwa faili. Baada ya miezi linakuja jibu la adabu: mtaro huo ni wa barabara, na barabara za wilaya tangu 2017 ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA, hivyo wasiliana na TARURA. TARURA nao wanagonga, na kujibu kwa adabu zaidi kwamba kilichoziba mtaro ni taka, na taka ni za halmashauri. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo penye raha yake. Mlalamikaji asiyekata tamaa sasa anamwandikia Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Mkuu wa Mkoa, nakala TAMISEMI Dodoma, nakala kwa mbunge, nakala TAKUKURU, na kwa usalama zaidi nakala kwa mchungaji. Kila ofisi inagonga, kisha inaishusha barua ngazi moja ikiwa na dokezo fupi: kwa hatua zako. Inashuka, inashuka, mpaka inatua mezani kwa yuleyule aliyelalamikiwa. Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Hawakuota kwamba siku moja nyani atakuwa na masjala, na kesi itamfikia ikiwa na kumbukumbu namba.

Nchi hii iliuona mtego huo mapema. Mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, mwenyekiti wake akiwa Chifu Erasto Mang'enya. Ilikuwa sikio la nje: hukumpelekea mtendaji malalamiko dhidi ya mtendaji. Na wajumbe wake walifanya jambo ambalo muhuri haujawasamehe hadi leo. Walizunguka mikoani, wakakaa na watu, wakayapokea malalamiko kwa mdomo. Mzee asiyejua kuandika alisimama akasema yake, akaketi. Taarifa ilikwenda kwa Rais, na uamuzi ulikuwa wa Rais, kwa hiyo tusiipambe Tume ile kuliko ilivyokuwa. Lakini kwa muhuri hicho kilikuwa kipindi cha njaa. Halmashauri zenyewe zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982. Majina ya ofisi yalibadilika, mihuri mipya ikachongwa. Mitaro haikuchongwa mipya.

Leo kazi ya Tume ile ya 1966 iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Sheria Na. 7 ya 2001. Kulalamika kwake ni bure. Inaweza kuita mashahidi na kutaka mafaili ya halmashauri. Na ukifika kwao na mtaro wako, utaulizwa, kama ambavyo mtu yeyote makini angekuuliza: ulishapeleka wapi, lini, na ulijibiwa nini? Hapo ndipo muhuri wetu, uliodharauliwa miezi yote hiyo, unaposimama kama shahidi wa kwanza. Halmashauri ikisema haijawahi kuiona barua, karatasi yako inasema iliiona Machi, au Mei, kutegemea gurudumu. Muhuri haukukujibu; lakini ndio unaothibitisha kwamba hukujibiwa. Ofisi iliyougonga ili uondoke dirishani imejifunga kwa wino wake yenyewe. Sijui wangapi wa wale wanaougonga wamewahi kuliwaza hilo.

Usidhani basi kwamba mbio zimeisha. Tume haiamuru, inapendekeza. Kwa sheria, ofisi iliyopelekewa mapendekezo inapaswa kueleza imefanya nini ndani ya muda usiozidi miezi mitatu, na ikikaidi, njia iliyobaki ni mahakama. Watu wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwenye makazi yao mwaka 2001 na nyumba zao zikachomwa. Tume iliwasikiliza, ikawaona wana haki, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa, na shauri likaenda kuchosha watu mahakamani. Hapa mzaha wangu unaishia mlangoni, maana mtu aliyechomewa nyumba hahitaji kuchekeshwa.

Kuna watakaosema dawa ni kuipa Tume meno. Labda. Lakini Uingereza malalamiko dhidi ya halmashauri yana msuluhishi wake huru tangu 1974, na yeye naye hawezi kuilazimisha halmashauri kulipa hata senti. Anapendekeza tu, na karibu kila mara halmashauri zinatekeleza, kwa kuwa uamuzi wake hutangazwa hadharani ukiwa na jina la halmashauri husika, huku jina la mlalamikaji likifichwa. Sisi tumezoea kinyume chake: mlalamikaji anajulikana mtaa mzima, na ofisi iliyomkosea inaitwa "mamlaka husika".

Siku hizi muhuri umezaliwa upya. Kuna mfumo wa e-Mrejesho. Unatuma malalamiko kwa simu na unapewa namba ya kufuatilia. Vijana wanafurahi kwamba foleni imekwisha. Mimi nimefurahi kuona ndugu yetu amepata kazi ya kudumu, tena bila kuhitaji pedi ya wino, na anapokea usiku na mchana, sikukuu zikiwemo. Kupokea hakujawahi kuwa tatizo letu.

Basi, msomaji, kama una mtaro, taka au tozo inayokusumbua, uheshimu muhuri. Andika barua ya ukurasa mmoja, tarehe na mahali viwe wazi. Toa nakala mbili, moja ubaki nayo. Usikubali kuambiwa "acha tu hapo, tutagonga baadaye". Simama dirishani mpaka igongwe mbele ya macho yako, na kama tarehe imekosewa omba irekebishwe kwa kalamu na saini. Uliza jina la aliyepokea, liandike pembeni. Baada ya mwezi bila jibu, andika ya pili ukitaja kumbukumbu ya kwanza, nayo igongwe, kisha beba zote mbili kwa Tume. Wahi tu, masjala hufungwa saa tisa na nusu alasiri.