Mkeka Katikati ya Dagaa

Jumamosi asubuhi, katika fukwe nyingi za Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, familia ya kigeni hutambulika kwa jambo moja: imesimama. Baba ameshika mwavuli mkubwa wenye mistari, mama amekumbatia sanduku la barafu, mtoto mmoja ana boya lenye umbo la bata, mwingine ana mkeka mpya bado umekunjwa. Wote wamepakwa mafuta ya kuzuia jua hadi wanafanana na ukuta wa chokaa. Hawakai kwa sababu hakuna pa kukaa. Mchanga, kuanzia maji yanapoishia hadi penye vibanda vya chai, umeanikwa dagaa, wanang'aa kama shilingi zilizomwagika, na akina mama wenye mafagio wanawageuza upande wa pili huku wakiwatazama wageni kwa huruma ile anayopewa mtu aliyefika msibani akiwa amevalia nguo za harusi. Mwisho wake unajulikana. Mkeka utatandikwa kwenye kipande kidogo kilichobaki, mtoto atakanyaga mali ya watu, fidia italipwa, na gari litarudi mjini likiwa na harufu ambayo haitaondoka kwa wiki tatu, isipokuwa paka wote wa mtaa wakubaliane kuimaliza.

Maelezo ya kisa hiki ni mawili, na yote mawili ni ya uvivu. Mgeni husema mji hauna mpangilio. Mwenyeji husema Mzungu hajui kitu. (Kwanza, si lazima awe Mzungu. Mgeni wa Mwanza aweza kuwa daktari wa kutoka Asia aliyekuja kufundisha katika hospitali ya Bugando, au mtafiti wa samaki kutoka nchi jirani, au mhandisi wa migodi ya Geita aliyeipangia familia yake nyumba Capri Point kwa ajili ya shule. Na si kila mwenye asili ya Kihindi ni mgeni: wapo ambao babu zao walizaliwa hapo hapo na wanakijua Kisukuma kuliko mjukuu wa Msukuma aliyekulia Dar es Salaam.) Mimi nadai kwamba familia ile haikukosea mahali wala haikukosa akili. Imekosea siku. Imekuja na mwisho wa juma wa kwao, ikautafuta katika ziwa lisilo na mwisho wa juma wa namna hiyo.

Ushahidi wa kwanza uko mdomoni mwetu. Jumamosi maana yake ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, siku ambayo juma linaanza kuhesabiwa. Kisha tunasema, bila hata kucheka, kwamba Jumamosi ni mwisho wa juma. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa bidii hukwama hapo, na akivuka hapo hukutana na Jumatano, yaani ya tano, inayofuatwa na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu pia ni ya tano. Wiki yetu ina siku mbili za tano na haina ya sita. Msiba mkubwa zaidi ni wa mgeni anayezungumza Kireno, awe ametoka Maputo au Lisbon, kwa sababu naye kwao huhesabu siku, ila Jumatatu yetu kwake ni segunda-feira, ya pili. Mwambie mtu huyo kwamba fundi wa bomba atakuja Jumatatu, naye ajipe moyo kwa kutafsiri kila kipande, atamngoja fundi Jumanne. Fundi naye, kwa kuwa ni fundi, atakuja Alhamisi, na kwa mara ya kwanza lugha zote tatu zitakuwa zimekosea kwa haki.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Mtumbwi ulioagizwa kwa saa mbili huwa tayari jua likiwa bado changa, na mwenye mtumbwi huanza kupiga simu familia ikiwa ndiyo kwanza inapika mayai. Au kinyume chake: mgeni aliyekwisha onywa kwamba Waswahili wana saa zao hupunguza sita pasipostahili, akafika gatini gizani, akakuta mlinzi na mbwa. Hakuna aliyechelewa hapo. Kila mmoja amefika kwa wakati wa mwenzake.

Lakini ushahidi mzito uko juu ya maji. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za umeme wa jua, na kazi yake ni ile ile: samaki hufuata mwanga. Taa hizo zinahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwani kote, dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu, na mtumbwi ukitoka utakula mafuta bure. Kwa hiyo katika siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu. Hushona nyavu, huziba mitumbwi, hucheza karata, hulala mchana kutwa. Hiyo ndiyo wikendi yao, nayo ni ndefu kuliko ya ofisini. Giza likirudi, kazi inarudi, na kinachovuliwa usiku ni lazima kianikwe asubuhi, iwe Jumanne au Jumamosi, maana dagaa wabichi hawangoji hata saa chache. Mchanga ule mgeni anaouita ufuo ni kiwanda cha kukaushia samaki, na mali yake huishia soko la Mwaloni, Kirumba, kabla ya kusafirishwa mikoani na hadi Kongo. Kutandika mkeka pale asubuhi ya giza la mwezi ni sawa na kwenda na mto na blanketi katikati ya karakana, kisha kulalamika kwamba mafundi wana kelele.

Hata hali ya hewa haiiheshimu Jumamosi ya kigeni. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye joto na unyevu hupanda, na radi hupiga usiku wa manane hadi alfajiri. Mgeni amezoea kwamba asubuhi ndiyo salama na mvua ni ya jioni, hivyo huondoka mapema kuikwepa mvua na kwenda kuikuta kabla haijamaliza kazi. Anajibanza kwenye kibanda cha makuti pamoja na vijana wanaocheza karata. Hapo mgeni wa Kireno hupata faraja yake pekee ya siku, akisikia turufu, kopa, uru, shupaza na pao, maneno ya kwao yaliyoingia Uswahilini zamani kupitia pwani, yakapanda bara hadi kwenye kibanda hiki kinachovuja. Mvua ikikatika anatoka na kukuta upepo umesukuma gugu maji hadi ndani ya ghuba. Jana palikuwa na maji, leo pana shamba la majani.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba wakazi wa Mwanza wenyewe hutoka wikendi: Saanane hujaa, fukwe zenye muziki hujaa, mishikaki haiishi. Ni kweli, na Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kina wageni wengi wa ndani kuliko wa nje. Lakini tazama saa. Mkazi wa Mwanza huenda ziwani Jumapili, baada ya ibada, kipaimara, kikao cha harusi na kumpeleka shangazi stendi. Hufika saa tisa alasiri, dagaa wamekwisha anuliwa, na anakuja na watu kumi na watano na spika. Hatafuti upweke. Mgeni, hata akija Jumapili hiyo hiyo, hufika saa mbili asubuhi kutafuta kimya, hupata mafagio na injini, na huanza kufungasha saa nane akiwa mwekundu kama nyanya, maana ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na upepo wake baridi huficha jua kali. Wanapishana getini. Kimya alichokuwa akikitafuta kilikuwepo kati ya saa nane na saa tisa, alipokuwa akifungasha.

Pingamizi jingine ni zito na silikwepi. Kwamba mengine ya ziwani si ya kuchekesha: kuna kichocho, na katika baadhi ya sehemu kuna mamba na kiboko. Sawa kabisa. Minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono wa maji ya pembezoni na hupenya ngozi ya yeyote, mwenye pasipoti na asiye nayo. Lakini hata hapa kosa la mgeni ni la kalenda. Humkataza mtoto kuogelea Jumamosi kwa hotuba ndefu, kisha Jumatano humruhusu kufukuza mpira ulioangukia majini, kwa kuwa huko si kuogelea. Mnyoo hauna tafsiri hiyo ya sheria. Ningekuwa mzazi wake, ningeacha hotuba nikauliza dawa hospitalini, kama wanavyofanya majirani zake ambao watoto wao huteka maji humo kila siku bila kuwa na wikendi ya kujikinga.

Na kama kuna anayeona ni vibaya kumcheka mgeni, amtazame kwanza Mtanzania aliyehamishwa kutoka Tanga au Dar es Salaam. Huyu hufika kando ya ziwa na kuuliza maji yatakupwa saa ngapi. Hayapwi hivyo. Akiambiwa hayana kupwa na kujaa, hujenga banda lake kwenye ukingo kabisa, kwa ujasiri wa msomi. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likazimeza kingo nyingi, likakaa humo kwa miezi. Hayo ndiyo maji kujaa ya huku, nayo hayana jedwali ukutani.

Basi, wewe mwenye jirani mgeni pale Isamilo au Capri Point, usimchoree ramani ya fukwe, anazo kwenye simu. Mpe kalenda yenye alama ya miezi mipevu, na ukimwagizia mtumbwi wa saa mbili, mwonyeshe kwa kidole mahali jua litakapokuwa.