Sifa za Mbegu ya Tegu

Tabora haina uchoyo wa sifa. Mtemi Mirambo amesifiwa, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo wamesifiwa, hata Livingstone na Stanley, waliokaa pamoja Kwihara mwaka 1872, wana jumba lao la makumbusho. Sasa ni zamu ya isiyo na malenga: mbegu ya kiume ya Taenia saginata, yule tegu anayeingia na nyama ya ng'ombe isiyoiva, akajitwalia utumbo wetu bila kulipa kodi.

Kwanza, haipendi makuu. Mbegu ya mwanadamu husafiri kibwana: kichwani kofia ya vimeng'enya vya kulitobolea yai, nyuma ya shingo mitokondria za kuipa nguvu. Ya tegu haina kofia, wala mitokondria hata moja. Ni uzi mtupu, na kiini chake, uzi mwembamba zaidi, kimejiviringisha kwenye mhimili wa mkia. Mpagazi gani angekubali safari ya pwani bila sufuria?

Pili, ina ufundi. Kata mkia wa mbegu yetu uutazame kwa hadubini ya elektroni: jozi tisa za mirija zimezunguka mirija miwili. Kwa tegu jozi ni tisa vilevile, ila katikati pana nguzo moja tu. Chini ya utando, mirija mingine imepangwa mshazari, na sehemu ya mbele imezungukwa na tuta moja jembamba. Yote hayo yamefichwa tumboni, pasipo mtazamaji!

Tatu, arusi yake. Tegu mmoja hufikia mita kadhaa, pingili zake hupita elfu moja, na kila iliyokomaa ina korodani na ovari. Mchumba yupo pingili ya jirani, au humo humo chumbani. Sisi hutuma mshenga, tukaunda kamati, tukasambaza kadi za michango hadi kwa tusiowajua. Tegu hana kamati, hana ukumbi, hana MC, na bado pingili moja huondoka na mayai yapatayo laki moja.

Ukiona wivu, ivisha mishikaki hadi ndani, na jisaidie chooni, si porini wanakolisha ng'ombe. Mgeni akishaingia, nenda hospitali upewe prazikwanteli. Dawa hiyo haisikilizi sifa.