Waraka kwa Mheshimiwa Mnunuzi wa Kiwanda

Mheshimiwa Mnunuzi,

Sisi huku Choma, wilayani Igunga, hatujambo, hofu ni kwako. Ni muda sasa hatujakusikia, na mtu mwenye ahadi nyingi akinyamaza muda mrefu watu humdhania mgonjwa.

Jina la kiwanda sitalitaja, wala mji kilipo. Waliokuwapo wanajua, na wewe unajua kuliko wote kwa kuwa hati ya mauzo iko kabatini mwako. Mimi nilikuwa karani wa mahudhurio pale, kwa hiyo uniwie radhi nikionekana mtu wa kupenda tarehe.

Naomba nikupongeze kwa umakini wako wakati wa kununua. Wakaguzi wako walipima kila kitu: mashine za kuchambulia pamba, mizani, jenereta, hata maturubai yaliyotoboka yaliandikwa mojamoja. Marobota ya pamba nyuzi yaliyokuwa ghalani waliyahesabu, wakarudia. Daftari langu la ajira, lenye jina la kila mtu na siku aliyoingia kazini, kijana wao mmoja alilinyanyua, akaliona zito, akaliweka juu ya karatasi za orodha ya vipuri zisipeperushwe na feni. Nilifurahi kuona limepata kazi.

Kisha ukasema nasi uwanjani. Kipaza sauti kilikuwa kipya, kwa hiyo sina shaka na nilichosikia: kwamba kiwanda kimebadili mwenyewe, hakijabadili watu, kwamba kila mmoja atachukuliwa kama alivyo, kwamba hakuna atakayepoteza hata siku moja ya utumishi wake. Tulipiga makofi. Nakumbuka nawe ulipiga.

Baadaye nilitafuta kuelewa, maana kustaafu bila mafao kunampa mtu nafasi ya kusoma. Nikaelezwa kuwa mtu akinunua hisa za kampuni, mwajiri anabaki yuleyule mbele ya sheria, na mikataba ya kazi inaendelea na miaka yake yote. Akinunua mali tu, yaani majengo, mashine na kiwanja, watu wanabaki mikononi mwa mwajiri wa zamani, na ni juu yake kuachana nao kwa haki. Wewe, kwa busara yako, ulinunua kwa njia ya pili, ukatuhutubia kwa njia ya kwanza.

Na hapo wanasheria wako wanastahili sifa zao. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haina kifungu kinachomhamisha mfanyakazi moja kwa moja pamoja na kiwanda kinapouzwa. Waganda wanacho katika Sheria yao ya Ajira ya 2006. Afrika Kusini waliweka chao mwaka 1995, Uingereza mwaka 1981. Tume ya Ushindani nayo, kwa sheria ya 2003, inatazama kama muungano wa makampuni utampa mtu utawala wa soko. Daftari la karani halimo katika maswali yake makuu. Mlango mliukuta wazi, mkapita bila kugonga.

Mikataba mipya ililetwa siku ya Ijumaa jioni, watu wakiwa wanasubiri mshahara. Ndani yake mlikuwa na miezi sita ya majaribio. Fundi wetu mkuu, mwenye miaka 19 kwenye mashine zile, ndiye aliyemfundisha meneja wako jinsi ya kuziwasha pamba mbegu ikiwa na unyevu. Jioni hiyohiyo akasaini kwamba yuko kwenye majaribio. Sitaki kuamini kuwa ulifahamu kwamba mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Nachukulia ni bahati tu kwamba fundi huyo na wenzake wengi waliambiwa hawahitajiki katika mwezi wa tano wa majaribio.

Tungekuwa wakorofi tungesema hukupaswa kabisa kuanza hesabu upya. Hatusemi hivyo. Sheria inampa anayeachishwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, na inakomea miaka 10. Fundi wa miaka 19 haki yake ni siku 70, miaka tisa iliyobaki haihesabiwi. Angelipwa zake 70 na mwajiri wa zamani, na notisi, na likizo alizodai, kisha aanze nawe ukurasa mpya, angekuombea dua, kwa sababu hesabu ingeanza kuzaa tena. Kilichotushinda kuelewa ni kufungua ukurasa mpya huku ule wa zamani haujalipwa. Mwenye kiwanda wa zamani alituelekeza kwako. Wewe ulituelekeza kwake. Kwa adabu za pande zote mbili, tumeelekezwa vizuri sana.

Tulipokuja ofisini kwako ulitupokea kwa soda baridi, ukatuambia tuwe na subira hadi mahesabu ya makabidhiano yakamilike. Nasi tulikuwa na subira. Hatukujua kuwa anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine siku 60. Zikipita, anaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa. Tukaeleza kuwa tulichelewa kwa sababu tulikuamini. Msuluhishi alituangalia kwa huruma, akaandika.

La mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nalipitia haraka kwa sababu linaudhi. Asilimia 10 yetu ilikatwa kila mwezi, hati za mshahara zinaonyesha. Waliokwenda kufuatilia fao la upotevu wa ajira, ambalo linataka michango isiyopungua ya miezi 18, walikuta miezi mingine mitupu. Ulijibu kwamba hilo ni deni la mwenzako. Yawezekana. Ila miezi mitano ya kwako nayo ni mitupu, Mheshimiwa, na hiyo sijui ni deni la mwenzako yupi.

Sheria ileile ya Ajira inamtaka mwajiri amrudishe mtu alikoajiriwa, yeye na mizigo yake, au amlipe gharama, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kitanda changu kilifika Choma juu ya fuso tupu lililokuwa linakuja kuchukua mpunga. Dereva alinipunguzia bei. Hata wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo walikuwa na posho yao, na mwenye msafara aliyeichezea aliweza kuamka akakuta mizigo iko chini na wabebaji hawapo. Sisi hatukukutoroka. Tulikupakilia marobota yote ya msimu.

Wala usidhani watu wa mkoa huu ni wagumu wa kuamini. Tabora ni mji wa reli, umeshazoea waajiri kubadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na wastaafu wake, wakiwamo wa reli, walifikia hati ya makubaliano na Serikali mwaka 2005. Hata baada ya hapo walirudi mahakamani. Shirika la Reli (TRC) likawa kampuni ya TRL mwaka 2007, kampuni ya RITES ya India ikishika asilimia 51, likarudi serikalini 2011, na kwa sheria ya 2017 likawa tena TRC. Watoto wa makarani wa stesheni wamekua wakisikia baba akiuliza miaka yake iko kwa nani. Kwa hiyo uliposema hatutapoteza hata siku moja, ulituondolea mzigo ambao wakubwa kuliko wewe hawakuuweza.

Nimebakiza jambo moja, na naliuliza kwa unyenyekevu. Yasemwa kwamba uliponunua ulipunguziwa bei, na sababu iliyoandikwa ni "madeni ya wafanyakazi". Wanunuzi makini hufanya hivyo: huzuia sehemu ya bei ili madai yakitokea yalipwe. Kama yasemwayo ni kweli, basi madeni yetu yamekwisha kukulipa wewe kabla hayajatulipa sisi, na fedha tunayoambiwa tukaitafute kwa mwenzako iko kwako tangu siku ya makofi. Tafadhali tutajie kiasi.

Orodha kamili ninayo: majina, tarehe za kuingia, mshahara wa msingi wa mwezi wa mwisho na siku za likizo zilizobaki. Mwanasheria wako akiihitaji nitamletea kwa mkono. Nauli nitajilipia, nimeshazoea.

Wako mtiifu,

Aliyekuwa karani wako wa mahudhurio (kwa majaribio),
Choma, Igunga, Tabora